Mwizi wa Mchezo

1. Bao chini ya mwembe

Rutamba ni mahali palipo bara kidogo kutoka mji wa Lindi, karibu na ziwa lenye jina hilo hilo. Huko, kama ilivyo desturi ya pwani yote ya kusini, kazi za shamba zikiisha jioni, watu wazima huketi chini ya mwembe wakacheza bao, na watoto hucheza mpira uwanjani mpaka giza liingie. Siku hizi umeongezeka mchezo wa tatu. Vijana huketi ukutani, vichwa vimeinama, kila mmoja na simu mkononi, wakashindana na watu wasiowajua walio Dar es Salaam, au Mombasa, au ng'ambo ya bahari.

Michezo hii mitatu haifanani hata kidogo kwa vyombo vyake, lakini msingi wake ni mmoja, nao ni mapatano. Watu wawili au zaidi hukubaliana kwamba jambo hili ni halali na jambo lile si halali. Kisha hushindana ndani ya mpaka ule. Mpaka ukivunjwa, hapana mshindi wala mshinde, kwa kuwa hapana mchezo.

Tazama bao. Ubao wake una mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8. Kete ni 64, na mara nyingi ni komwe. Kila mchezaji hupata kete 32. Mwanzo wa mchezo huweka kete 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kando yake. Zile 22 zilizosalia huwa akiba, akazitia moja moja kila zamu yake ifikapo. Kanuni hii haina nguvu yo yote ila kwa sababu wote wawili wameikubali. Mmoja wao akitia kete mbili badala ya moja, au akiruka shimo ili kete ya mwisho iangukie pale apendapo, basi bao halipo tena. Kilichobaki ni kipande cha mti na punje za komwe.

Lakini kudanganya katika bao si kazi rahisi. Mbele ya mchezaji yuko mwenziwe, anayemtazama mikono. Nyuma yake wako wazee waliosimama, nao huhesabu kete kwa macho upesi kuliko yeye anavyozigawa. Tena mwenye kudanganya akigunduliwa, hapana barua anayoandikiwa wala faini anayotozwa. Kesho yake huja akaketi, na hapana mtu anayeketi mbele yake. Hiyo ndiyo adhabu ya kufungiwa mchezo, nayo ni ya zamani sana kuliko simu.

2. Mchezo wa simu

Katika mchezo wa simu mambo yamegeuka. Simu ya kila mchezaji imeunganishwa kwa intaneti na kompyuta kubwa iliyo mbali, iitwayo seva. Seva hiyo ndiyo ubao wa wote. Ndiyo inayojua kila mchezaji yuko wapi, ana silaha gani, na nani amempiga nani. Katika baadhi ya michezo hukusanyika wachezaji 100 kwa wakati mmoja, wala hapana aujuaye uso wa mwenziwe.

Mahali pasipo na macho, hila huzaliwa. Wako wanaotia katika simu au kompyuta programu ya kulenga shabaha. Mchezaji hana haja ya ufundi, maana programu humlengea, na kila risasi hupata. Wako wanaotumia programu ya kuona nyuma ya kuta, hata adui aliyejificha huonekana kama aliyesimama uwanjani. Wako wawili wanaoingia kama maadui, kumbe wamekwisha patana kwa siri wasidhuriane, ili wawamalize wengine. Tena wako ambao hawatumii programu yo yote, ila mwenendo wao ndio mbaya: hutukana wenzao, au hukimbia katikati ya mchezo wakaiacha timu yao pungufu, kwa sababu wameona watashindwa. Wahenga walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Wenye michezo hiyo huwatafuta wadanganyifu kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni programu ya ulinzi, ambayo hukagua chombo cha mchezaji kuona kama ndani yake mna programu ya hila inayojulikana. Njia ya pili ni kumbukumbu za seva. Jicho la binadamu likiona jambo, hupita muda kidogo kabla ya kidole kutenda. Tena kidole hukosea mara kwa mara. Mtu ambaye hakosei kamwe, na ambaye hugeukia adui kabla ya kumwona, hizo si dalili za ufundi. Njia ya tatu ni taarifa za wachezaji wenyewe, kama wale wazee waliosimama nyuma ya bao.

Aliyepatikana na hatia hufungiwa siku chache, au miezi, au kabisa, kwa kadiri ya kosa lake. Jina alilochezea hufutwa, na vyote alivyovipata au kuvinunua kwa jina hilo hupotea. Akijaribu kuingia kwa jina jipya, wako wenye michezo wanaofungia simu yenyewe au kompyuta yenyewe, isiweze kuingia tena kwa jina lo lote.

Hapa pana jambo moja ambalo kila kijana mwenye simu yafaa alijue. Watu wengi wanaoahidi kugawa almasi za mchezo bure, au kuuza programu za ushindi, ni wezi. Humwomba kijana jina lake na neno lake la siri, na mara wakiisha kulipata, huchukua kila kitu. Hivyo aliyetaka kuwadanganya wengine huwa yeye wa kwanza kudanganywa.

3. Hukumu na haki

Mwaka 2019 kijana mmoja Mwingereza, mwenye umri wa miaka 17, alijulikana sana kwa kucheza mchezo uitwao Fortnite. Watu wengi mno walitazama picha zake. Siku moja alijionyesha katika picha hizo akitumia programu ya kulenga. Kampuni ya Epic Games ya Marekani, yenye mchezo huo, ikamfungia asicheze tena kabisa. Kijana akatokea mbele ya watazamaji wake akilia na kuomba radhi.

Watu wakagawanyika. Wengine walisema adhabu ni nzito mno kwa mtu wa umri ule. Wengine walisema ni ya haki, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa wengi pasipo kujijua, na alilolifanya wangeliiga maelfu. Mwaka 2025 kampuni hiyo ililegeza kanuni yake: anayekamatwa kwa hila mara ya kwanza afungiwe mwaka 1, na akirudia ndipo afungiwe kabisa. Basi hata mwenye kuadhibu hujifunza kupima adhabu.

Tena mwenye kuadhibu aweza kukosea. Mwezi wa Julai 2010 kampuni nyingine ya Marekani, iitwayo Valve, iliwafungia watu wapatao 12,000 kwa madai kwamba wamedanganya. Kumbe walikuwa hawana hatia. Programu ya ulinzi ndiyo iliyokosea. Kampuni ikawafungulia wote, ikawaomba radhi, na kuwapa zawadi ya mchezo mwingine bila malipo.

Mambo haya mawili yapasa kukumbukwa pamoja. Mdanganyifu aachwaye huharibu mchezo wa wote. Lakini asiye na hatia akifungiwa, naye ameibiwa. Kwa hiyo hukumu njema huwa na vitu vitatu: ushahidi, nafasi ya kujitetea, na adhabu inayolingana na kosa.

4. Aliyeibiwa hakuwapo

Wako watu wasemao: Mchezo ni mchezo tu, nikidanganya nimemdhuru nani? Jawabu lake latoka katika mpira wa Tanzania.

Mapema mwaka 2016, katika Ligi Daraja la Kwanza, timu ya Geita Gold na timu ya Polisi Tabora zilikuwa zikigombea nafasi ya kupanda Ligi Kuu. Kila bao lilikuwa na thamani. Katika mechi za mwisho Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0, na Polisi Tabora iliifunga JKT Oljoro mabao 7 kwa 0. Watu wakastaajabu, na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, yaani TFF, likafanya uchunguzi. Mwezi wa Aprili ikatolewa hukumu kwamba matokeo yale yalipangwa. Timu zile zikashushwa daraja, na baadhi ya watu waliohusika wakafungiwa kushughulika na mpira.

Sasa fikiri: katika mechi kama hizo ni nani aliyeibiwa? Si timu iliyofungwa, maana mpango ulikuwa wa pande zote mbili. Aliyeibiwa hakuwapo uwanjani. Alikuwa Mbao ya Mwanza, timu iliyokuwa nyuma yao katika msimamo, iliyocheza mechi zake na kupata alichoweza kupata. Hukumu ilipotolewa, nafasi ya kupanda ilipewa Mbao. Nayo haikuipoteza bure. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Mei 2017, Mbao ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Dodoma na Simba, ikafungwa mabao 2 kwa 1 baada ya kupigana mpaka mwisho. Hila ingalifaulu, hapana mtu ambaye angalijua kwamba timu ya namna hiyo ilikuwako.

5. Umri wa mchezaji

Hila nyingine ya mpira ni ya umri. Mashindano ya vijana huwekewa mpaka wa miaka, ili mtoto ashindane na mtoto. Anayepunguza miaka yake huingia kati ya watoto akiwa na mifupa ya mtu mzima.

Tanzania imeyaona mambo haya pande zote mbili. Mwaka 2005 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 17, waitwao Serengeti Boys, walikuwa wamefuzu kwenda kushindana nchini Gambia katika mashindano ya Afrika. Ikabainika kwamba timu ilimchezesha mchezaji mmoja aliyepita umri. Timu nzima ikaondolewa. Wavulana ambao umri wao ulikuwa halali, waliokimbia na kutoka jasho kwa ajili ya safari ile, wakabaki nyumbani pamoja na mwenye kosa. Uongo wa umri mmoja uliwafungia mlango wote.

Ikapita miaka 11. Mwaka 2016 Serengeti Boys walipambana na vijana wa Kongo-Brazzaville ili kupata nafasi ya mashindano ya mwaka 2017. Mjini Dar es Salaam Tanzania ilishinda mabao 3 kwa 2. Mjini Brazzaville Kongo ilishinda bao 1 kwa 0. Mabao yakawa sawa, lakini Kongo ikapita, kwa sababu mabao yaliyofungwa ugenini yalihesabiwa zaidi. Ndipo Tanzania ilipolalamika juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Shirikisho la Mpira wa Afrika, yaani CAF, likataka aletwe apimwe.

Kipimo chenyewe ni hiki. Katika mkono wa mtoto, karibu na kifundo, mwisho wa mfupa mkubwa una tabaka la gegedu, na hapo ndipo mfupa unapokulia. Mtoto akikua, gegedu hilo hugeuka mfupa kidogo kidogo, hata sehemu mbili zikaungana kuwa moja. Mashine iitwayo MRI hutumia sumaku yenye nguvu nyingi kupiga picha ya ndani ya mwili, bila kumchoma mtu wala kumkata. Ikionekana kwamba mfupa umekwisha ungana kabisa, basi karibu ni yakini kwamba kijana amepita miaka 17. Shirikisho la dunia, yaani FIFA, lilianza kukitumia kipimo hiki katika Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nigeria. Kipimo hakiwezi kutaja siku ya kuzaliwa; lakini karatasi yaweza kuandikwa upya, na mfupa hauandikwi upya.

Mchezaji yule wa Kongo hakuletwa kupimwa. Kwa hiyo haikuthibitika kwa kipimo kwamba umri wake ulikuwa mkubwa; lakini kwa kuwa Kongo haikumleta, CAF iliiondoa, na nafasi yake ikapewa Tanzania. Mwezi wa Mei 2017 Serengeti Boys wakaenda Gabon. Walitoka sare ya 0 kwa 0 na Mali, ambao baadaye ndio waliotwaa kombe. Wakawafunga Angola mabao 2 kwa 1. Wakafungwa na Niger bao 1 kwa 0, wakarudi nyumbani. Hawakuchukua kombe, lakini waliokuwa wametolewa walipata kusimama mahali pao.

Kanuni ile ile iliyowaumiza Watanzania mwaka 2005 ndiyo iliyowafaa mwaka 2017. Mtu hawezi kuipenda kanuni siku inapomlinda na kuichukia siku inapomkamata.

6. Katika uwanja wa shule

Wadanganyifu wa kampuni kubwa na timu kubwa hawakuanza huko. Walianza penye uwanja mdogo.

Shule za msingi hushindana kila mwaka katika michezo ya UMITASHUMTA, kutoka shule na kata mpaka taifa. Tuseme shule moja inataka sana kushinda. Wakubwa wanamwita kijana aliyekwisha maliza darasa la VII, mwenye miguu yenye nguvu, wanampa jezi na jina la mwanafunzi mwingine. Mchezaji wa namna hii watu humwita mamluki. Mamluki anafunga mabao mawili, shule inashangilia, kikombe kinapatikana.

Lakini jezi ile ilikuwa ya mtoto. Alikuwa mtoto wa miaka 12, aliyefanya mazoezi kila jioni akiwa pekupeku, na ambaye labda angalionekana siku ile na watu wa kuchagua timu ya wilaya. Siku ile alisimama kando ya mstari akashangilia pamoja na wenziwe. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Ameibiwa, na mwizi wake amebebwa mabegani.

Tena si haki kumtupia kijana yule lawama zote. Mtoto hajiandikishi mwenyewe wala hajichagui timuni. Mtu mzima anayeandika umri wa uongo humfundisha mtoto kwamba jina lake mwenyewe halitoshi. Kwa hiyo mtoto akiambiwa, Sema una miaka 12, naye ana 15, ana haki ya kujibu kwa adabu: Samahani mwalimu, nina miaka 15. Jawabu hilo ni gumu kulitoa kuliko kufunga bao, na atakayelitoa aweza kukosa safari ya mashindano. Lakini hapana atakayekuja kumfungia, wala hapana mtoto atakayesimama kando ya mstari kwa ajili yake.

Na yule anayecheza kwa simu ukutani, usiku, bila mtu wa kumtazama mikono, yeye ndiye mwenye mtihani mkubwa kuliko wote. Adui yake ni jina tu juu ya kioo. Lakini nyuma ya jina lile yuko mtoto, huenda wa Tanga au wa Kisumu, aliyeomba simu ya kaka yake kwa nusu saa moja ili acheze. Nusu saa ile akiharibiwa kwa hila, hairudi. Njia ya mwongo ni fupi, na seva huandika yote. Lakini hata kama isingaliandika, mtoto yule angalikuwa ameibiwa vile vile.

Maneno ya kujifunza

Gegedu: sehemu ya mwili iliyo ngumu kidogo, laini kuliko mfupa, kama iliyomo sikioni na puani.
Komwe: mbegu ngumu, za mviringo, zinazotumika kama kete za bao.
Kufungiwa: kukatazwa kucheza kwa muda au kabisa.
Kufuzu: kushinda na kupata haki ya kuendelea mbele.
Mamluki: mchezaji aingizwaye katika timu isiyo yake kwa hila.
Msimamo: mpango wa timu kwa kadiri ya pointi zake.
Seva: kompyuta kubwa inayotunza na kuendesha mchezo wa watu wengi.

Maswali

1. Mchezaji wa bao huanza na kete ngapi katika nyumba, na ngapi za akiba?
2. Taja njia tatu za kuwagundua wadanganyifu katika michezo ya simu.
3. Kwa nini kampuni ya Valve iliomba radhi mwaka 2010?
4. Katika mechi zilizopangwa mwaka 2016, ni nani aliyeibiwa, naye alikuwa wapi?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mfupa wa mkono unavyoweza kuonyesha umri.
6. Kongo-Brazzaville iliondolewa kwa sababu gani hasa? Je, ilithibitika kwamba mchezaji wake alipita umri?
7. Mwaka 2005 timu nzima iliondolewa kwa ajili ya mchezaji mmoja. Je, ilikuwa haki? Andika sababu mbili za kukubali na mbili za kukataa, kisha useme wewe waonaje.